Vikopo Sita vya Karama

Daktari Hiba amenitaka niwaandikie ninyi mnaobaki, kabla sijasahau mambo au kabla sijaanza kuyatia chumvi. Naandika nikiwa Al Barsha, hapahapa Dubai, kwa binti yangu anayefanya kazi hotelini, na masanduku yangu yamejaa ukumbini kiasi kwamba mkwe wangu anapita kwa ubavu. Nikifika Morogoro nitalala wiki nzima na sitaki mtu aniulize habari ya kifua. Kuhusu vyeo, someni faili langu, ni jembamba. Kuhusu mshahara, mnaujua, maana ni huohuo wenu.

Kazi yenyewe ni kuwatafuta wenye kifua kikuu kabla wao hawajatutafuta sisi. Katika mji huu watu wengi wa kwetu hawapangi chumba, wanapanga kitanda. Mtu wa namna hiyo haji kliniki kwa hiari yake. Ana siku moja ya mapumziko, na siku hiyo anafua, anapiga simu nyumbani, anaenda kanisani au msikitini, kisha analala. Ukimsubiri aje, atakuja amebebwa. Kwa hiyo tunaenda sisi, na kama kuna jambo moja nawaachia ni hilo: nendeni.

Siku yangu ya kwanza nilipanda ngazi za kliniki yetu pale Naif nikipishana na wafanyabiashara wa Kariakoo na Kampala waliobeba mablanketi kichwani, maana chini yetu palikuwa na duka la jumla. Nilikuwa muuguzi mwenye vyeti, nimevaa viatu vipya vya kamba, najiona. Nikakabidhiwa kwa Sista Luz, Mfilipino mfupi ambaye hakuwa akicheka kabla ya saa nne asubuhi. Alinipa mkoba, barakoa nene, vikopo vya makohozi vyenye mifuniko ya kukaza, na jozi ya ndala. Nikamuuliza ndala ni za nini. Akaniambia kwamba kwenye kila mlango wa Dubai utavua viatu, na mtu anayefunga na kufungua kamba siku nzima hatatembelea vyumba vya kutosha. Ndala zile nilizichakaza, nikanunua nyingine, nikazichakaza nazo.

Nilipelekwa kwenye vyumba vya Waafrika Mashariki kwa kuwa najua Kiswahili. Chumba cha kwanza niliingia nikauliza kwa sauti ya wodini, "Kuna anayekohoa hapa?" Wakajibu wote kwa pamoja kwamba hakuna. Luz hakuelewa neno hata moja lakini alielewa kila kitu. Tulipotoka akaniambia nisimuulize mtu habari ya ugonjwa wake, nimuulize habari ya usingizi wa jirani yake. Chumba cha pili nikauliza, "Nani hapa anawanyima wenzake usingizi?" Vidole vikaruka. Walikuwapo mkoromaji, mwenye mchumba wa simu, na mmoja ambaye kikohozi chake, walisema, kinamwamsha hata jirani wa ukuta wa pili. Wale wawili wa kwanza sikuwa na dawa yao. Wa tatu alikuwa na TB.

Luz alinifundisha pia kutazama mkanda. Walinzi, na walinzi ndio wengi wetu hapa, hupewa mkanda wa kampuni, na mtu akipungua hanunui mwingine, anatoboa tundu jipya kwa msumari. Tundu la kiwandani lina ukingo wa chuma. La msumari halina. Mtu atakudanganya kwamba hajapungua, na wala hatajua kwamba umeshapata jibu kabla hajafungua mdomo.

Halafu kuna habari ya vikombe, ambayo imenitoa jasho miaka yote. Ukiingia chumba ukakuta kikombe kimoja kimefungwa uzi mpini wake na kimewekwa peke yake juu ya friji, mgonjwa yupo. Wenzake wamemtengea kikombe, sahani, wakati mwingine hata kijiko. Kisha usiku wanafunga dirisha, wanaziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo ili baridi ya AC isipotee, wanavuta hewa ileile pamoja naye mpaka asubuhi. Nimewaambia mara zisizo na idadi kwamba TB haikai kwenye kikombe, inakaa kwenye hewa, fungueni dirisha. Wananijibu, "Mama, na joto?" Hapo mazungumzo huwa magumu, maana joto lenyewe mnalijua.

Sasa niwasimulie habari ya mtaa wa Karama. Nimesikia mnavyoisimulia wakati wa chakula, kila mtu na yake, na kuna toleo ambalo ndani yake nimempiga mtu kofi. Sikumpiga mtu. Majina nimeyabadilisha, mengine ni kama yalivyokuwa.

Ilianza na simu kutoka Bungoma, Kenya. Muuguzi wa zahanati moja huko alikuwa na mgonjwa aliyerejea kutoka Dubai akiwa amekonda sana, akakutwa na TB. Mgonjwa alitaja chumba alichokuwa akilala: Karama, nyuma ya mkahawa wa Wahindi, ghorofa ya nne. Alipoondoka waliobaki walikuwa sita, wote walinzi wa kampuni moja. Watano Wakenya, mmoja Mtanzania. Chumba kilikuwa na vitanda vitatu tu, na hilo si kosa la hesabu. Watatu walilinda mchana na watatu usiku, kila kitanda kikawa na watu wawili wanaopokezana. Godoro halikupata kupoa.

Nilikwenda jioni, saa za kubadilishana zamu, ili niwakute wote. Alinifungulia Kibet, msemaji wa chumba, kijana mrefu mwenye maneno.

"Karibu mathe," akasema. Ndivyo vijana wa Kenya wanavyomwita mama, na mwanzoni nilikasirika, baadaye nikazoea. "Umetuletea story gani?"

Nikaeleza. Kisha nikauliza swali la Luz, nani anawanyima wenzake usingizi. Hakuna kidole kilichoinuka.

"Sisi hapa tunalala fiti," Kibet akasema. "Ni AC tu inasumbua kidogo."

"Inamsumbua nani?"

"Sisi wote."

Na wote wakaitikia kwa vichwa. Chumba cha wanaume sita kisicho na hata mkoromaji mmoja sijapata kukiona tena.

Kwenye kitanda cha dirishani alikaa mtu wa makamo, mpole, aitwaye Wafula. Wenzake walimwita Mzee. Nilikuja kujua kwamba ndiye aliyetangulia Dubai, na wote wale watano aliwapokea yeye. Aliwalaza chini ya kitanda chake kabla hawajapata kazi, akawaazima suruali yake nyeusi ya kwenda usaili, akawafundisha kupanda metro na kusema "yes sir" bila kumtazama mtu usoni sana. Kila mapumziko aliwasongea ugali. Aliyekuwa akilala kitanda hicho mchana, yeye akiwa kazini, alikuwa Emanuel, Mtanzania wa Singida, mtu wa karibu miaka thelathini, mkimya.

Nikagawa vikopo na maelezo. Asubuhi kabla ya kula, sukutua kwa maji, vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka chini ya kifua, nje penye hewa, si chumbani. Mate siyataki. Wafula ndiye aliyenisikiliza kuliko wote.

"Na kama mtu hana?" akauliza.

"Ajitahidi," nikasema. "Kila mtu ana kitu kifuani."

Asubuhi Kibet alileta mfuko kliniki. Vikopo sita, majina yameandikwa vizuri, vimejaa. Watu wazima wenye afya kwa kawaida huniletea mate na maelezo marefu. Hawa waliniletea makohozi mazito, ya manjano, ya kupigiwa mfano. Nikampongeza Kibet mbele ya watu pale mapokezi, naye akaniambia, "Sisi tukifanya kitu, mathe, tunakifanya proper."

Fundi wetu wa maabara, Mhindi wa Kerala ambaye mnamjua kwa kutopandisha sauti, alinipigia simu badala ya kutuma majibu. "Sista," akasema, "chumba kizima. Sita kwa sita."

Daktari Hiba alisoma majibu akavua miwani. Yeye ni Msudani, mtulivu, na akivua miwani jueni kuna jambo. Akaagiza wote sita waje eksirei siku hiyohiyo na wasiende kazini mpaka wapigwe picha. Nikawapigia mmoja mmoja. Kila mmoja akasema hilo haliwezekani. Kibet aliniambia nimekosea mimi. Wa mwisho nikampigia Wafula. Aliuliza tu, "Wote sita?" Nikamwambia nampa majibu yake, si ya wengine. Akakata simu, na jioni ile simu zote sita zilikuwa zimezimwa. Eksirei hakuja mtu.

Mimi sikulala vizuri. Si kwa hofu ya ugonjwa tu, ila kwa sababu kitu hakikuwa sawa. Siku nilipowapelekea vikopo nilikuwa nimemwona Kibet akipanda ngazi za ghorofa nne na mtungi wa gesi begani huku akiimba. Watu wenye makohozi yale hawaimbi wakipanda ngazi.

Kesho yake akanipigia Emanuel kwa namba ya mtu mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hamkuja?"

"Mama, naomba niulize. Mtu akitoa kwa niaba ya mwenzake, inakuwaje?"

"Akitoa nini?"

"Makohozi."

Nikakaa kwenye kiti. Akanieleza polepole. Asubuhi ile walipanda juu ya paa na vikopo vyao, wakakohoa mpaka macho yakawatoka, wakapata mate tu. Waliona aibu. Mama amesema mate hayataki, na amekuja kwa upole, na amepanda ngazi zote zile. Katika wao alikuwapo mmoja ambaye hakuwa na shida ya kutoa. Akawaambia, leteni, mimi ninayo mengi. Akawajazia.

Msiwacheke haraka. Watu hawa huazimana viatu vya usaili, mkanda, tai, chaja, pasi ya nguo, hata jina la kuandika kama ndugu wa karibu kwenye fomu. Mwenye kitu humpa asiye nacho, na hakuna anayeuliza. Kwao kikopo kilikuwa kitu kinachotakiwa kujaa ili mambo yaendelee. Nilicheka, nakiri, peke yangu kwenye korido mpaka msafishaji akaniuliza kulikoni. Kisha nikaacha kucheka. Ndani ya chumba kile kisicho na dirisha wazi alikuwamo mtu mwenye ugonjwa wa kujaza vikopo sita.

"Ni nani, Emanuel?"

"Hilo mama siwezi."

Jioni nikarudi Karama. Safari hii walikuwa wamejipanga. Kibet alisimama katikati ya chumba, na nikaona kwamba wamekutana wakakubaliana.

"Mathe, tumeamua," akasema. "Sisi wote ni wagonjwa. Andika sita."

"Mimi najua mlichofanya."

"Hata kama unajua. Wakipata mtu mmoja na TB, kampuni itampandisha ndege na hakuna atakayeuliza. Lakini sita? Saiti moja, walinzi sita, wakati mmoja? Lango atafunga nani? Itabidi waongee na sisi."

Ninawaandikia haya muelewe kwamba halikuwa wazo la kijinga. Nilisimama pale na ndala zangu nikalitafakari, na sehemu yangu moja ikalipenda. Lakini dawa za TB si panadol. Ni miezi sita, zinachosha ini, zinageuza mkojo rangi, na wanne au watano kati yao wangezimeza bure. Na kulikuwa na jambo baya zaidi, nikawaambia kwa hasira, maana hasira nilikuwa nayo.

"Mmenichanganyia," nikasema. "Huenda mmoja wenu ameshaambukizwa kweli, na sitamjua, kwa sababu kikopo chenye jina lake si chake. Mnamlinda mmoja, mnamzika mwingine."

Wafula aliinua kichwa.

"Tuseme huyo mmoja amejitokeza, mathe," akasema. "Visa yake itakuwaje? Tuseme yaisha mwezi ujao."

Nilikuwa na jibu tamu mdomoni na ningeweza kulitoa. Wenzangu wawili, watatu wamewahi kulitoa, mgonjwa akaja, na halikutimia, na chumba kile hakikutufungulia mlango tena. Kanuni zimebadilika mara kadhaa nikiwa kazini, na zitabadilika tena nikiwa kwetu nimelala. Ulizeni upya kila mara, msiseme mlichosikia mwaka juzi.

"Sijui," nikamwambia. "Daktari wetu atawapigania mbele ya kampuni, hilo naliahidi. Dawa naziahidi. Visa siwezi kukuahidi."

Hawakulipenda jibu hilo, wala mimi sikulipenda. Na wakati Wafula anajiinua kitandani nikaona mkanda wake. Tundu la mwisho halikuwa na ukingo wa chuma, na la kabla yake vilevile.

Hapa ndipo mnapobishana kila siku, kwa nini sikumtaja palepale. Kwa sababu mgonjwa akinyooshewa kidole mbele ya wenzake, anahama. Hana cha kuhamisha zaidi ya begi moja. Kufika asubuhi yuko mtaa mwingine au emirati nyingine, kwa binamu, kwenye chumba kingine kilichofungwa, na namba mpya ya simu. Nilishapoteza watu wawili kwa njia hiyo, na mmoja nilimkuta tena hospitalini akiwa hawezi kuzungumza. Ukitaka mtu asimame, mwachie nafasi ya kusimama mwenyewe. Ni kazi ngumu kuliko kunyoosha kidole.

Nikawaambia kwamba kuanzia asubuhi nitakuwa juu ya paa lao na vikopo vipya. Kila mtu atakohoa mbele ya macho yangu, mwenye mate alete mate, sitamcheka mtu. Na nitakuja kila asubuhi mpaka waje.

Asubuhi ya kwanza nilikaa juu pale kati ya madishi ya televisheni na shuka za watu mpaka jua likanitoa. Hakuja mtu, isipokuwa natoor, yaani mlinzi wa jengo, mzee wa Kibangladeshi, aliyenipandishia kiti na chai ya maziwa bila kuuliza nimefuata nini. Daktari Hiba alinipigia akashauri tufute majibu yote, tuache mambo yapoe, tuanze upya baada ya wiki kadhaa. Nikamwambia yakipoa huku juu, chini yatakuwa yanachemka. Akasema, "Basi kaa." Namshukuru mpaka leo kwa neno hilo.

Asubuhi iliyofuata alikuja Emanuel, ametoka zamu ya usiku, bado ana sare. Akanisalimu, akachukua kikopo, akasimama upande wa upepo kama nilivyomwelekeza. Mimi nilijua nitapata mate. Yeye alijua vilevile, nadhani, maana alitabasamu kidogo. Akavuta pumzi, akakohoa. Halafu akaendelea kukohoa, akashindwa kuacha, akashika bomba la tangi la maji. Alipomaliza alitazama ndani ya kikopo na akawahi kukifunga, lakini nilikuwa nimeshaona. Kulikuwa na uzi wa damu.

Hatukuwa peke yetu. Wafula alikuwa amesimama kwenye mlango wa ngazi, amevaa tayari kwa kazi, kofia mkononi. Sijui alipanda kwa nia gani asubuhi ile na sikumuuliza. Chini, basi la kampuni lilikuwa likipiga honi.

"Tangu lini?" Wafula akamuuliza.

"Si siku nyingi, Mzee."

"Tangu lini, Emanuel?"

"Tangu baridi ianze. Nilidhani ni AC."

"Hata mimi nilidhani ni AC," Wafula akasema. Uso wake ulibadilika, akaanza kuongea nami huku akimtazama Emanuel. "Mathe, huyu analala kwa kitanda changu. Shuka ni moja, blanketi ni moja. Nikitoka anaingia."

"Najua."

Basi likapiga honi tena, kwa muda mrefu. Nikaona amelisikia. Kukosa basi ni kukosa zamu, na kukosa zamu mwezi wa visa si jambo dogo, hata Emanuel akamwambia, "Mzee, gari." Wafula akaweka kofia yake juu ya tangi.

"Wacha liende," akasema. "Nipe changu."

Akakohoa mbele yangu. Hakupata shida. Akakaza mfuniko, akaandika jina lake mwenyewe, akaniambia, "Zile sita ni zangu. Hao wengine waache waende kazini, hawana kitu." Kisha akakaa chini, mgongo kwenye tangi, na Emanuel akakaa karibu naye. Nikawaambia wakae mbalimbali na wavae barakoa, maana nilihitaji kusema kitu na hicho ndicho kilichonijia.

Wanne waliobaki walipanda mmoja mmoja siku ile na iliyofuata, Kibet wa mwisho, na wote wakaniletea mate mazuri tu. Eksirei zao zilikuwa safi. Wafula na Emanuel walikuwa wagonjwa kweli. Daktari Hiba alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni na akakaa huko tangu asubuhi mpaka alasiri. Emanuel alibaki, akapewa likizo ya ugonjwa, akamaliza dawa zake hapahapa huku akinitumia video kila siku akimeza, akarudi langoni. Wafula visa yake haikuongezwa. Kampuni ilingoja tu dawa zifanye kazi mpaka asiweze kuambukiza mtu ndani ya ndege, kisha arudi kwao Bungoma kumalizia kwenye zahanati ileile iliyonipigia simu.

Sitawaambia kwamba ilikuwa haki. Nililia ofisini, na Daktari Hiba aligeuka akatazama dirishani mpaka nikamaliza. Kibet hakunisemesha kwa muda mrefu, tukikutana Karama anavuka barabara. Sikumlaumu. Mtu aliyempokea Dubai alikuwa anaondoka, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa juu ya paa.

Siku ya mwisho Wafula alikuja kliniki Naif kuchukua barua na dawa za safari. Alikuwa ameanza kunenepa, mkanda umerudi nyuma tundu moja. Nikampa vidonge vya siku ile na maji. Hakumeza kwanza.

"Mathe, ulikuwa unajua ni mimi?"

"Tangu ile jioni Kibet alipotoa hotuba."

"Na hukunitaja."

"Ungefanya nini ningekutaja?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Ningehama," akasema. "Begi lilikuwa tayari limefungwa chini ya kitanda. Nilikuwa nangoja tu ushuke ngazi. Kuna binamu yangu Al Quoz, wanakaa watu kumi."

"Na Emanuel?"

Wafula alitazama vidonge kiganjani.

"Emanuel angefurahi sana," akasema. "Angepata kitanda kizima cha kukohoa peke yake."

Kisha akavimeza vyote, akanirudishia gilasi.